Malalamiko ya Fundi Cherehani Dhidi ya Mswaki wa Mjukuu Wake

Kwa Mwalimu Mkuu wa Chekechea

Kuhusu: Mgeni wenu wa meno na hasara aliyoileta dukani kwangu

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wenzako, na kwamba vile vitoto bado havijawamaliza. Mimi ni yule fundi cherehani wa mlango wa kijani, mkabala na duka la dawa, niliyewashonea sare za mwaka huu, zile ambazo ulisema mfuko wake ni mdogo na mimi nikasema watoto hawana cha kuweka. Zaidi ya hapo hatujawahi kukosana. Kwa hiyo nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekaa, nimetulia, na chai nimeshakunywa.

Mjukuu wangu yuko darasa la wadogo. Jina lake la shule unalo. Sisi nyumbani tunamwita Pindo, kwa sababu alipokuwa anajifunza kusimama alishika pindo la shati langu na hakuliachia mpaka alipojua kutembea. Mama yake ni binti yangu wa pekee, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na anaondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Basi Pindo huletwa kwangu asubuhi, anakunywa chai, namvusha barabara hadi kwenu, na mkishawafungulia mchana namchukua, tunashinda pamoja dukani mpaka mama yake apite. Huo ndio utaratibu wetu tangu bibi yake alipotutangulia, na sijaona kasoro ndani yake mpaka siku mlipomwalika yule daktari wa meno.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipotee.

1. Tangazo mlilobandika getini lilisema mgeni atazungumza na watoto kuhusu usafi wa kinywa. Kuzungumza, Mwalimu. Halikusema atawapa vyeo. Mtoto niliyemvusha asubuhi alikuwa mjukuu wangu, na niliyemchukua mchana alikuwa mkaguzi. Alishika mswaki mpya mkononi, na njia nzima alinisimulia habari za meno ya plastiki makubwa kama begi, na mswaki wa kuyasugulia mrefu kama mkono wangu. Tulipofika dukani, kabla sijavua hata kofia, akaniambia nipige magoti niseme "aaa." Nikasema. Alitazama humo ndani kwa muda ambao haukunipendeza, kisha akanishika bega akasema, "Pole, Babu."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia dukani kwangu bila kukaguliwa. Jirani yangu fundi viatu, mtu mzima mwenye mvi zake, alifungua kinywa kwa kumridhisha mtoto tu, akaambiwa kwa sauti kwamba kuna nyama ya jana upande wa kushoto. Akahamia uchochoro wa nyuma. Tumekuwa majirani miaka mingi na hatujawahi kupishana kwa sababu ya nyama.

2. Ninyi mmevuruga masuala ya ajira. Kazi yangu inamwaga pini sakafuni kutwa nzima, na macho yangu si ya kuziona tena. Pindo ana sumaku yake, anapita chini ya meza anaziokota, na kwa kila kiganja cha pini nilikuwa nampa pipi moja kutoka kwenye kopo. Makubaliano hayo yalikuwa ya hiari, pande zote mbili ziliridhika, na shavu la mfanyakazi lilikuwa limejaa muda wote, jambo ambalo mimi nililitafsiri kuwa ni afya njema.

Siku iliyofuata ujio wa mgeni wenu, alikataa mshahara. Alisema pipi inayokaa mdomoni mchana kutwa inalisha wadudu. Nikamuuliza anataka nini badala yake. Akasema karoti. Nikampa karoti, nikidhani ni vitisho tu vya mgomo. Akaitafuna yote, akadai nyongeza. Mwalimu, nimeajiri watu maishani mwangu, sijawahi kukutana na madai ya aina hii. Kopo likabaki halina mwenyewe, na kwa kuwa sipendi kuona chakula kinaharibika, imenilazimu kulimaliza mimi mwenyewe, pipi baada ya pipi, huku nikishona. Nalitaja hili ili ujue mzigo mlionitwisha.

3. Sasa niingie kwenye hoja ya kitaalamu, ambayo sidhani kama mgeni wenu aliifikiria. Hayo meno ya utoto si yanang'oka? Yanang'oka. Hata daktari, kwa maelezo ya Pindo, hakubisha. Katika ushonaji tuna nyuzi za kushikiza: unapitisha mishono mirefu ya haraka haraka ili kitambaa kisihame, ukishamaliza kushona kwa mashine unazifumua na kuzitupa. Hakuna fundi mwenye akili timamu anayepiga pasi nyuzi za kushikiza. Hakuna anayezifua. Meno ya utoto ni nyuzi za kushikiza. Kuyasugua asubuhi na jioni, kwa mswaki wake peke yake, na dawa ya ukubwa wa punje ya njegere, ni kupoteza njegere.

Nilimweleza Pindo hoja hii kwa utulivu. Alikwenda nayo shuleni siku daktari aliporudi kuwapima watoto, akaja na jibu lake, kwamba meno hayo "yanashika nafasi." Sikuelewa yanamshikia nani nafasi, nikaona ni maneno ya mtoto, nikaendelea kushona.

4. Kuna kanuni moja imetungwa bila kushirikisha wazee: kwamba mtoto wa umri huu hawezi kujisugua vizuri peke yake, kwa hiyo lazima mtu mzima amalizie. Mtu mzima wa asubuhi ni mimi. Mkono huu umeshona makoti ya mahakimu. Lakini kila asubuhi nilikuwa nasimamishwa nyuma ya mtoto aliyepanda kigoda, mbele ya kile kioo kirefu cha wateja, naambiwa, "Babu, usisugue kama unafua. Duara ndogo ndogo. Na kwenye fizi, taratibu." Wakati huo anaimba wimbo mliowafundisha, mdomo ukiwa umejaa povu, na siruhusiwi kuacha mpaka wimbo uishe. Ule wimbo una urefu wa mfuko mzima wa shati. Nimeshindwa kushona mifuko mingapi kwa ajili yake, sitaki hata kukadiria. Akimaliza anatema, na hasukutui kwa maji, ati dawa ibaki ifanye kazi. Mara ya kwanza nilifikiri ni utovu wa adabu.

Ikaja zamu yangu. Sikuomba. Alinunuliwa mswaki wa pili na mama yake, akaniketisha kwenye kiti cha wateja, akanifungia kitambaa shingoni, akaanza. Fizi zikatoka damu kidogo. Nikamwambia basi, umeona, fizi zimekataa. Akasema daktari alisema fizi zinazotoka damu ndizo zinazotaka kusuguliwa zaidi, kila siku, kwa upole. Mwalimu, mimi tangu nizaliwe, kitu kikitoka damu huachwa kipumzike. Sasa nauliza, tunawafundisha watoto huruma au nini?

5. Hapa nakuomba uweke chini shughuli nyingine, maana sasa nazungumzia riziki.

Mimi nakata uzi kwa meno. Bwana aliyenifundisha kazi alikata kwa meno, na aliyemfundisha yeye vivyo hivyo. Mkasi unataka mkono, na mikono ya fundi iko kwenye kitambaa. Mkasi unapotea chini ya vipande, meno hayapotei. Jino langu la mbele, la juu, limejichimbia kijifereji pale uzi unapokaa, na uzi ukishaingia humo hautoki ila umekatika. Nimelinoa jino hili kwa kazi kama mtu anavyonoa panga. Ni chombo cha kazi, na wateja wanaonijua huja kwa ajili ya mshono ambao umetoka kwenye mikono hii na kwenye kinywa hiki.

Pindo ametangaza kwamba jino si mkasi. Hakuishia kutangaza ndani ya familia. Alikuja bwana harusi kujaribu suti, yeye na mama yake mzazi, mama mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Nilikuwa nimemaliza ukosi, nikainama nikaukata uzi kama kawaida. Pindo akatoka chini ya meza na sumaku yake akawaambia wageni, kwa adabu kabisa, "Shikamooni. Babu ameuma koti, lakini leo amepiga mswaki." Yule mama aliushika ukosi kwa vidole viwili. Aliuangalia. Suti waliichukua, ndiyo, lakini waliibeba mbali na mwili.

Walipoondoka, Pindo alichukua mkasi wangu mdogo, akautia utepe wa kitambaa chekundu, akanivisha shingoni. Nikauvua. Nilimwambia, na sauti niliipandisha kidogo, kwamba mdomo ni wangu na duka ni langu. Hakulia. Alirudi chini ya meza akaokota pini zote hadi ya mwisho, akaziweka mezani, na hakudai karoti.

6. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Daktari wenu alipowapima watoto mmoja mmoja alikuta doa kwenye gego la Pindo. Si tundu bado. Alisema likitunzwa linaweza lisifike huko, akamwita mama yake, akamuuliza mtoto anashinda wapi na anakula nini. Binti yangu akajibu ukweli, kama nilivyomlea. Jioni akaja dukani akiwa na unga wa mkate kwenye nyusi. Alikuta kopo la pipi mezani, alinikuta na uzi mdomoni, na Pindo alikuwa amekaa pembeni ananiangalia.

Hakunifokea. Ningependa angefoka, ningejua la kujibu. Alisema tu, "Baba, siwezi kumfundisha kitu usiku, halafu mchana anakuona wewe unafanya kinyume. Anakuamini wewe kuliko mimi." Kuanzia Jumatatu Pindo haletwi tena. Asubuhi anapelekwa shule na jirani yao, na mchana anashinda kwenye stoo ya kiwanda, amekalishwa juu ya gunia la unga, mpaka nitakapotupa kopo na kuacha kuuma nyuzi.

Mwalimu, mimi si mtu wa kulialia. Lakini nitasema wazi, duka limepoa. Pini zimejaa sakafuni na jana nimechomwa mara mbili nikaona ni haki yangu. Fundi viatu ameanza kupita tena mlango wa mbele, ananionyesha meno yake bila kuulizwa, na hakuna wa kumkagua. Mswaki mdogo wa Pindo umebaki kwenye kikombe dirishani kwangu, na umekauka. Nimemkosa mjukuu wangu. Haya yote yametokana na mazungumzo kuhusu usafi wa kinywa.

Kutokana na hayo, naomba mambo yafuatayo kwa unyenyekevu mkubwa.

Kwanza, umwandikie binti yangu, kwa karatasi yenye muhuri wa shule, kwamba somo lile liliwalenga watoto wengine.

Pili, nipewe cheti cha kunisamehe ukaguzi, kwa kuwa meno yangu yameshamaliza kukua na hayana cha kujifunza.

Tatu, kwa ajili ya haki, nialikwe na mimi kuzungumza na watoto. Somo langu litaitwa Meno ni Vyombo vya Kazi. Nitakuja na uzi wa pamba, uzi wa nailoni na uzi mnene wa jinzi, nitazikata zote mbele yao, na wao ndio waamue. Yale meno ya plastiki yawe yamewekwa kabatini siku hiyo, maana sipendi kushindanishwa na kitu kisichokunywa chai.

Usije ukadhani najigamba kwa maneno matupu, kwa hiyo naambatanisha ushahidi. Gundi sina, mimi ni fundi. Bahasha ya barua hii nitaishona kwa mkono kwa uzi wa jinzi, na mwisho wa uzi nitaukata kwa meno mbele ya mashahidi wawili, fundi viatu na mteja atakayekuwapo. Utakapoipokea, angalia ncha ya uzi huo. Utaona imekatwa safi, moja kwa moja, bila kutatuka. Nakuomba umwonyeshe na daktari.

Nimalizie kwa kukutakia kazi njema. Nisalimie walimu wote, na mpishi, na mlinzi wa getini mwambie suruali yake iko tayari, nimempunguzia kiuno kama alivyotaka ingawa sikukubaliana naye. Wasalimie na watoto, wenye meno na wenye mapengo. Ukimwona Pindo mapumzikoni, usimwambie nimeandika. Mtazame tu kama amekula.

Ni mimi, katika sindano na uzi,

Fundi wa Mlango wa Kijani

Tanbihi. Utaona bahasha hii ina matundu mengi kuliko inavyostahili bahasha. Nimeifumua ili niongeze haya, kisha nimeishona upya.

Niliishona mara ya kwanza kama nilivyoahidi. Mashahidi walikuwapo, fundi viatu na mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguza. Niliweka uzi kwenye kijifereji chake, nikauma. Uzi haukukatika. Jino ndilo lililokatika, Mwalimu, likaangukia juu ya jina lako. Yule mama alisema pole. Fundi viatu alitoka mbio hadi kiwandani, na mtu yule hajawahi kukimbia hata mvua ikinyesha.

Binti yangu akaja na Pindo. Nilikuwa nimefunika mdomo kwa kipande cha kitambaa cha bitana. Pindo alikitoa taratibu, akaniambia niseme "aaa," akatazama. Kisha akaliokota jino, akaligeuza kiganjani, akauliza, "Babu, hili lilikuwa la utoto?"

Nikamwambia hapana, mjukuu wangu, la ukubwa.

Akafikiri. Akasema, "Basi hapo halioti lingine." Halafu akanikumbatia shingo, na hapo ndipo alipolia, siku ile ya ukosi hakulia. Alikuwa ananililia mimi.

Nimekaa na hoja yangu namba tatu tangu wakati huo. Kitu nilichokisahau, na nimeshona maisha yangu yote, ni kwamba fundi akizifumua nyuzi za kushikiza kabla ya kushona, kitambaa kinahama, na mshono wa kudumu unakwenda kombo, na hakuna pasi itakayounyoosha. Ndiyo maana ya kushika nafasi. Daktari alisema kwa lugha ya kazi yangu mwenyewe na mimi nikaendelea kushona. Gego la Pindo lenye doa lina kazi ya kufanya miaka mingi bado. Tafadhali mwambie daktari kwamba linasuguliwa asubuhi kwangu, kwa duara ndogo ndogo, wimbo mzima, na jioni kwa mama yake. Nimeanza kuujua ubeti wa pili.

Kwa hiyo namba moja hadi sita naziondoa. Na maombi yote matatu. Kopo la pipi sasa lina vifungo. Karoti zinalipwa kwa wakati.

Nina ombi moja jipya. Siku daktari atakaporudi shuleni kwenu, naomba nipange foleni na darasa la wadogo. Kwenye hospitali ya wakubwa sitakwenda, nakwambia ukweli, naogopa. Kwenye vile viti vyenu vidogo nitakaa vizuri tu, nimezoea kukaa chini. Pindo amesema atanishika mkono, na amenionya nisipige kelele kwa sababu kuna wenzake wanaokuja kwa mara ya kwanza na watajifunza kwangu.

Mshono huu wa pili wa bahasha, yeye ndiye aliyenishikia karatasi isisogee. Mkasi wa kukatia nilikuwa nao shingoni, kwenye ule utepe mwekundu. Angalia ncha ya uzi, Mwalimu. Imekatwa safi.